Nilificha Picha za Madonge, Rafiki Yangu Akaacha Masomo

Mpendwa mshauri, naomba unisikilize maana moyo umenielemea. Mimi ni Ikupa wa Ilomba, hapa Mbeya, na miaka miwili iliyopita mimi na rafiki yangu Veneranda wa Iringa tulikuwa kwenye utafiti mmoja chuoni, tunatengeneza chembe ndogo mno za mafuta za kubebea dawa ya kifua kikuu mwilini, chembe ambazo hadubini ya kawaida haizioni, kwa hiyo nikatumwa Dar es Salaam kuzipiga picha kwa hadubini ya elektroni. Nilipiga picha arobaini. Tisa tu zilionyesha chembe za duara zilizoachana vizuri, zilizobaki chembe zilikuwa zimegandana madonge kama uji uliomshinda mpishi, nami nikajiambia labda nimekausha sampuli vibaya, nikampelekea profesa zile tisa nikanyamaza, akanisifu, nikamaliza shahada yangu nikabaki kusaidia maabara, na Veneranda akapewa chembe hizohizo azijaze dawa apime inavyotoka. Miezi minane majibu yake hayakulingana, maana chembe zilizogandana haziachii dawa sawasawa, leo dawa inatoka yote kwa saa moja, kesho haitoki kabisa, mpaka siku moja profesa akamwambia mbele yetu wote, "Binti, mikono yako haifai maabara," na mimi nimekaa pembeni ya Veneranda, mshauri, nikainamisha kichwa. Akafungasha akarudi kwao. Juzi alinipigia akasema, "Dada, nimechoma madaftari yangu yote, labda sikuumbwa kwa kazi ile," nikamjibu pole tu. Sasa utafiti unakaribia kuchapishwa na picha zangu tisa, na nikisema naweza kunyang'anywa shahada ambayo mama ameitolea shukrani kanisani. Nifanye nini?

Ikupa, pole, ila pole yangu ni fupi. Kukausha sampuli vibaya humpata kila anayejifunza. Ungesema siku ile, mngerudia picha mkajua kama madonge ni ya ukaushaji au ya chembe zenyewe. Wewe uliyaona madonge kwa macho yako, kisha ukamwacha mwenzako ahangaike nayo miezi minane bila kujua yapo. Na nilipokupigia simu Jumatatu baada ya kusoma barua yako, ukaniuliza kama unaweza kusubiri kwanza makala itoke. Hapana! Ikitoka, wengine watajenga juu yake, na mwisho wa njia hiyo kuna wagonjwa.

Umeniambia zile thelathini na moja bado unazo. Usifute hata moja. Mwandikie profesa leo, kwa jina lako, ambatisha zote, mwombe asimamishe uchapishaji, useme wazi kwamba Veneranda hakukosea. Shahada waachie chuo waamue. Mama yako mwambie mwenyewe, asije akasikia kwa watu.

Kesho panda basi uende Iringa. Jambo hili si la simu. Mweleze Veneranda ulichofanya, mwonyeshe picha, wala usimbane akusamehe papo hapo. Anaweza kurudi maabara, anaweza asitake kukuona tena. Akikufukuza, ondoka kwa heshima, lakini mwachie mkononi nakala ya barua uliyomwandikia profesa. Hiyo ni haki yake, akusamehe asikusamehe.

Bi Paskalina