Mpira wa Chini Unanyonywa

Baba Zuhura,

Amani ikufikie huko tulikokulaza. Nakuandikia kwa herufi zangu za chuo cha Kurani, zile ulizokuwa ukizicheka, ukisema kuku amepita kwenye unga. Cheka tu. Sina mwingine wa kumwambia haya, na nikinyamaza nitapasuka.

Mwanao yuko chumba cha pili analia. Uchungu umemshika tangu alfajiri, na mumewe yuko kazini Mombasa. Bi Mishi mkunga amempapasa tumbo, akatoka, akanawa mikono, akaniambia mtoto amelala mkingamo na yeye hathubutu kumgusa tena. Apelekwe hospitali Msambweni, leo hii. Ile mimba ya kwanza ilimfia tumboni, unakumbuka, na wewe ndiye uliyekwenda kuzika. Uliporudi ukaapa kwamba ya pili haitangoja machela, Zuhura atapanda gari la babake.

Gari la babake! Injini uliitoa kwenye lori la jeshi lililotupwa, rejeta kwenye motokaa ya mzungu wa Diani, bodi ukaigongomea mbao mwenyewe, na watu wa Kinondo wakaja kukutazama kama mtu aliyerukwa na akili. Kila kitu kikawa tayari isipokuwa mipira miwili ya kupitishia maji kati ya rejeta na injini. Ukafa. Mipira miwili, mume wangu! Nakasirika nawe, Mungu anisamehe, kila nikiuona mto wako kitandani nakasirika.

Ndugu yangu Bakari ndiye aliyeishika kazi yako. Alivuka Likoni kwenda kununua mipira, mwenye duka akamwuliza, ya gari gani? Atasema nini maskini, na gari lako halina kabila? Kinywa cha rejeta kinene, cha injini chembamba, na kati yake pana kona. Akaleta mpira ulionyooka, tulipoupinda ukakunjika na maji hayakupita. Akaleta wa pili, moto wa kwanza tu ukavimba. Mimi niko ndani nimekaa eda yako, namwelekeza kupitia dirishani, nyuma ya pazia. Nikamwambia atafute wenye kona yake tangu kiwandani, aubane kwa vidole kabla ya kulipa, ukilegea auache hapo hapo. Safari ya tatu akapata mzuri, ukakaa juu. Wa chini akaweka mwingine laini aliokuwa nao, akaukaza kwa waya, akasema alhamdulillahi, kazi imekwisha.

Haikwisha. Likiwaka limesimama, maji yapoa. Likishika njia na kuongezwa mafuta, yachemka mpaka mvuke unatoka kila upande. Bakari akasema injini imekufa. Akamleta na fundi kutoka Ukunda, naye akasema imekufa. Lakini mimi kila likikanyagwa nilisikia mlio wa mtu anayekabwa koo. Nikakukumbuka siku ile tulipokuwa tukijaribu lori la nazi, wewe umelala chini yake, mimi nimekaa juu nakanyaga mafuta kwa mguu mtupu, naogopa, nacheka, nawe unanipigia kelele: "Wa juu unasukumwa, mke wangu, wa chini unanyonywa!" Jioni ulikula wali kwa mikono ya grisi, nikakugombeza. Laiti ungerudi unichafulie sahani zote.

Nikamwambia Bakari autazame mpira wa chini, ule ambao injini hunyonya maji kupitia kwake. Akanijibu, "Dada, wewe kaa eda yako."

Nikakaa. Mpaka leo asubuhi Zuhura alipopiga ukelele mmoja ambao sitausahau, nikajikuta niko uani na nguo zangu za eda, wanaume wamesimama, wengine wanageuza nyuso. Nikaingiza kichwa ndani ya boneti. Nikamwambia Bakari akanyage. Akakanyaga, na mpira wa chini ukabonyea kama mashavu ya mtoto anayenyonya, ukashikana kabisa. Maji yangepita wapi?

Hakuna wakati wa kwenda Mombasa. Nikakata waya wa banda la kuku, nikauzungusha kwenye mchi wangu wa bizari mpaka ukawa springi, nikauvua, nikautia ndani ya ule mpira. Mikono imechanika. Bakari akafunga, akatia maji, akakanyaga kwa nguvu zake zote. Mpira ukakaa wazi. Nikalia pale pale mbele ya watu, sikujali.

Lakini pale ni uani, Baba Zuhura. Njiani kuna mchanga na vilima, na juu kuna mtoto wako amelazwa. Waya ukisogea ndani, mpira utajifunga tena, na mlio utabadilika kabla ya maji kuchemka. Bakari kuendesha anajua, kusikiliza hajui. Kama hakuna wa kumwambia punguza, watakwama msituni, na huko hakuna hata Bi Mishi.

Nimerudi ndani kujiandaa kwenda nao, na dada yako Mwanakombo amesimama mlangoni amekamata miimo yote miwili. Ananiambia, "Ndugu yangu hajakauka kaburini, nawe wataka kupanda gari?" Simlaumu, analia naye. Anasema wajane wote wa nyumba hii walikaa ndani mpaka mwisho. Ni kweli, walikaa. Lakini najua ninavyoogopa. Naogopa watu, naogopa Mungu, na zaidi ya vyote naogopa kubaki hapa nikilisikia gari linakwenda mbali nami.

Wanatandika godoro sasa. Madebe ya maji yamepakiwa. Zuhura ananiita, hakuiti wewe, mimi ndiye niliyebaki.

Niwie radhi, mume wangu, na buriani. Nikirudi na wawili wazima, au nikirudi na jeneza, nitapita mlango huu huu, nitaingia chumbani kwetu na kuikaa eda yako mpaka siku yake ya mwisho, bila manukato, bila mgeni, bila kunung'unika. Hiyo ni ahadi. Lakini sasa namwondoa dada yako mlangoni.

Mkeo,
Mama Zuhura