Ncha ya Pili Iko Urambo

Jumatatu, 8 Septemba

Mgongo hautaki kunyooka. Leo tumepandisha chokaa hadi ghorofa ya tatu, nyumba ya kale ya mtaa wa Malindi tunayoikarabati. Ngazi nyembamba, karai kichwani. Nilipokaa kidogo Kheir, fundi wetu, akauliza kama mimi Mbara, mtu wa bara, nimekuja Unguja kufanya kazi au kujifungua. Watu wakacheka. Nami nikacheka.

Mke wangu Nyamizi akipiga nitasema nimesimamia watu. Ndivyo anavyojua: mimi msimamizi. Humu tu ndimo nasema kweli, maana programu hii ya kuandikia imesema imefungwa ncha kwa ncha. Kama robota la tumbaku kwetu Urambo — ukishalishona ncha hadi ncha, halitoki hata jani.

Alhamisi, 11 Septemba

Nyamizi kapiga wakati wa chakula. Kulwa na Doto wazima. Kitalu cha tumbaku kimeota vizuri mno. Halafu: "Na mgongo, Baba Kulwa?"

Mgongo upi? Sijamwambia mtu. Nikasema mtandao mbaya, nikakata.

Mtandao ulikuwa mzuri.

Ijumaa, 12 Septemba

Watu walipotoka msikitini nikaenda Darajani kwa Zakir, mtengeneza simu. Nikamwambia wenye programu wananichungulia. Akacheka. Anasema hawawezi kusoma hata wakitaka. Maneno yanavurugwa humu humu kwenye simu yangu kabla hayajatoka. Kwao yanafika mavurugo matupu, wanayahifadhi hivyo hivyo. Nywila yangu ndiyo ufunguo. Simu yenye ufunguo ndiyo inayoyapanga upya.

"Ncha ni simu, bwana we. Moja hiyo mkononi mwako. Nnakuuliza, ya pili iko wapi?"

Nikamwambia simu yangu ya zamani nilimpelekea Nyamizi, ili anionyeshe watoto. Zakir akauliza kama nilitoka kwenye programu kabla ya kuituma. Sikujua kama kuna kutoka.

"Basi hukuibiwa. Umempa mwenyewe."

Kwa hiyo yote anayo. Karai. Kicheko cha Kheir. Siku niliyolia chooni, nimefungulia maji nisisikike. Na lile la kumkataza asije, kwamba kambi hairuhusu wake. Hakuna kambi. Nina chumba mtaa wa Ng'ambo, hapa hapa mjini. Naogopa tu anione nilivyo.

Uso unawaka, na hakuna mtu humu chumbani.

Jumapili, 14 Septemba

Zakir kanionyesha pa kubonyeza: Ondoa kifaa. Kisha nibadili nywila. Aliyokwisha kusoma hayarudi, ila mapya hayatamfikia. Nikauliza, atajua? Akasema ataona kimya tu.

Kidole kiko hapo. Nikimwondoa, atajua kwamba najua. Nisipomwondoa, hata humu nitaanza kuandika kwamba nimesimamia watu.

Nyamizi, kama unasoma —

Hapana. Nifute hiyo.

Sijafuta, na chini yake pametokea maneno. Si yangu. Mtandao wa kule mzito, yanakuja vipande vipande:

Usinifungie Baba Kulwa

karai nalijua tangu masika nikakaa kimya usione haya

na mimi kile kitalu nilichokwambia kimeota hakijaota