Bibi Yako Anaumwa Kiasi Gani

Mjukuu wangu Baraka,

Kamwene. Hapa Kalenga mahindi yamebeba, na mbwa wako bado anagombana na kila pikipiki. Umeuliza "a little", "quite" na "very" zinatofautianaje. Kiingereza nilifundishwa na redio, kwa hiyo nisadiki kwa tahadhari: ya kwanza ni kidogo, ya pili ni kiasi, ya tatu ni sana. Kwenye daftari umemaliza.

Kwetu ni kazi zaidi. Nikiwa kijana nachimba dhahabu Chunya, kila salamu ya nyumbani ilisema mama anaumwa kidogo, nami nikaendelea kuchimba. Siku moja mjomba akanifuata shimoni.

"Mama yako anaumwa kidogo."

"Kidogo tu, mjomba?"

"Kidogo. Ila oga, tuwahi basi."

Wenzangu wakaweka sururu chini. Mmoja akanivalisha koti lake. Nao walijua kwamba hakuna anayetoka Iringa hadi Chunya kwa sababu ya kidogo.

Nilikuta turubai la msiba limeshafungwa uani. Simlaumu mjomba. Ndivyo tunavyowafanyia walio mbali, wasianguke njiani. Ila ningependa kumkuta mama anaongea.

Sasa bibi yako, yule uliyezoea kuniambia ni mke wako, kaniagiza nikuandikie kwamba anaumwa kidogo. Nimemkatalia. Anaumwa sana, Baraka. Hii ni sana ya kwenye daftari: bado yu hai, na anakuulizia. Panda basi.

Babu yako