Kwa Theuri, Kuhusu Macho ya Munene

Gakindu, Mukurweini
21 Julai 2024

Mpendwa ndugu yangu Theuri,

Pokea salamu nyingi kutoka nyumbani, wewe na mkeo Nduta. Mnaliwezaje joto la huko Doha? Sisi baridi ya Julai imetukalia. Kifua cha Mama kinamsumbua, lakini anakula.

Ningekupigia simu, ila kila nikijaribu sauti hukatika. Mpwa wako Munene haoni tena.

Yeye na rafiki yake Ndungu walikunywa pombe ya chupa ndogo, zile zisizo na jina zinazouzwa nyuma ya maduka. Kesho yake akaniita, "Mama, mbona ukungu umeingia ndani ya nyumba?" Nje jua lilikuwa linawaka. Tukamkimbiza hospitali ya Nyeri. Daktari alisema ni methanoli, sumu inayoua mishipa ya macho. Uhai waliuokoa, macho hayakuokoka. Ndungu tulimzika mwezi uliopita.

Nilikuwa nimemwonya juu ya chupa hizo, Theuri, akacheka. Akanisimulia juu ya wageni waliokuja shuleni kwao na picha za mafuvu, wakasema ukivuta bangi mara moja tu unakuwa mwendawazimu. "Ken wa darasa letu alivuta na ako sawa, hata mtihani alipita. Kama walidanganya kwa hiyo, nitaamini aje hii ingine?" Nilichokuwa nacho ni woga tu.

Kwenye mazishi mzee mmoja alituhutubia, ati vijana wote wanaokunywa ni maiti zinazotembea. Vijana wakainamia simu zao. Ndipo Munene akanishika mkono. "Nipeleke mbele."

Hakupaza sauti. "Bangi nilivuta, na sikupata wazimu. Ilinifanya niache kusoma, hiyo ndiyo kweli. Lakini hii ya chupa haikuwa na harufu wala ladha tofauti. Tulilala tukicheka. Ukiamka uone ukungu, ama tumbo likukate, usione aibu, enda hospitali hapo hapo. Ndungu aliniambia kwa simu anaumwa na kichwa, ati atalala kidogo."

Hakuna aliyetazama simu tena. Wangechi, mama yake Ndungu, akainuka. Nilidhani atamfokea. Akamkumbatia Munene kando ya jeneza, akalia begani mwake.

Siku hizi vijana huja nyumbani kumwuliza maswali. Juzi Lynn, binti wa jirani, aliuliza amwambie nini kaka yake anayekunywa. Munene akamjibu, "Mwambie kweli yote, hata ile itakayompa nafasi ya kukubishia."

Watu husema Mungu amempa kazi. Mimi, ndugu yangu, ningeomba ampe macho yake.

Nisalimie Nduta sana. Mama na shemeji yako Moffat wanawasalimu. Mungu awafunike huko ugenini, awalete nyumbani mkiwa wazima.

Munene naye anakusalimu. Anaomba ukimpigia usimwulize kuhusu macho. Umweleze tu bahari ya huko inafananaje, polepole, naye atakusikiliza.

Dada yako akupendaye siku zote,
Kagure