Walivyomwambia Bi Paulina Aridhike

Ng'ambo, Unguja
Jumamosi, baada ya kazi

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo, Mama. Shikamoo tena, maana ile ya kwanza naogopa hutaiitikia, kwa jinsi nilivyosikia umenikasirikia. Goti lako linaendeleaje? Mikorosho imetoa maua mwaka huu? Na mihogo ya bondeni, nguruwe wamekuachieni kidogo? Mimi ni mzima wa mwili, nakula, nafanya kazi, sina homa. Veronika mdogo wangu, wewe unayemsomea Mama, soma polepole na usiruke popote utakapoona maneno makali. Hapo hasa ndipo nataka apasikie.

Mama, barua yako nimeipata Jumatatu. Umeniambia mambo mawili. La kwanza, kwamba mwalimu wa dini hapo kijijini ameletewa habari kutoka Unguja kuwa mimi Damasi nimeacha dini, nimemtukana mzee wa kanisa, nimetolewa kwenye kwaya. Na kwamba alizisoma habari hizo mbele ya watu baada ya sala, nawe umekaa benchi la mbele na kanga zako za Jumapili. La pili, umeniambia, "Mwanangu, ridhika, usigombane na wakubwa." Lile la kwanza limenichoma. Hili la pili, unisamehe, limenichoma zaidi, kwa sababu ugomvi wote umeanza na neno hilohilo. Kwa hiyo nakueleza ilivyokuwa, kisha uamue mwenyewe kama nimeacha dini.

Nyuma ya kanisa letu huku mjini ipo nyumba ya kale ya mawe, mali ya kanisa. Chumba cha chini, kile chenye dirisha la kuelekea uani, alikaa Bi Paulina. Ni mjane, mzee, wazazi wake walitoka upande wa Nyasa lakini yeye amezaliwa hapahapa. Tangu mimi sijazaliwa, yeye ndiye anayefua vitambaa vya altare na kuvipiga pasi ya mkaa. Hakujaliwa mtoto. Shati langu lilipochanika begani, mwezi wangu wa kwanza huku, alinivua palepale uani akalishona, akanirudishia bila hata kuniuliza jina.

Mzee wetu wa kanisa anaitwa Silvano. Huyu nisimdhulumu, Mama. Siku niliposhuka bandarini na sanduku langu la mbao, yeye ndiye aliyenipokea. Alinilaza kwake wiki nzima, akanipeleka kwa msimamizi wa ujenzi kule Michenzani, nikapata kazi ya uashi kwenye yale majumba marefu ya ghorofa. Kwa hiyo Padri alipokwenda Pemba, na Mzee Silvano akaniambia, "Damasi, chumba cha Bi Paulina kimechakaa, njoo ukipige lipu na chokaa, iwe sadaka yako," nilifurahi kama mtoto. Jumamosi tatu nilifanya kazi mle ndani huku naimba. Kilikuwa kitupu. Nilidhani wamemhamisha kwa siku chache mpaka chokaa ikauke. Sikuuliza. Hilo ulishike, Mama, kwa sababu mimi mwenyewe siwezi kulisahau: sikuuliza.

Jumamosi ya nne nilikwenda kumpelekea papai. Kusema kweli nilikwenda kupokea shukrani. Nikapiga hodi, akafungua msichana nisiyemjua, mikono bado ina hina. Alikuwa Theresia, ndiyo kwanza ameolewa na Lukasi, mpwa wa Mzee Silvano.

"Bi Paulina yuko wapi?" nikamuuliza.

"Simjui, kaka. Sisi tumepewa chumba na Mjomba. Kasema kilikuwa kitupu."

Nilimkuta chini ya ngazi. Mama, pale ni mahali pa mafagio na viti vibovu. Huwezi kusimama wima. Ukuta unatoka maji, na kila mtu akipanda ngazi, vumbi la chokaa linamwagika kichwani. Kitanda chake cha kamba walikikata miguu ili kiingie. Alikuwa amekaa juu yake, anakunja kitambaa cha altare, cheupe, kisafi, hata sijui alikikaushia wapi.

"Karibu, mwanangu," akasema. "Inama, utajigonga."

"Nani aliyekuweka huku?"

Alikohoa kwanza, kikohozi kirefu. "Mzee Silvano. Kanambia mie n'mtu mmoja tu, na wale maharusi watazaa. Kanambia Mkristo huridhika."

Mkristo huridhika! Nilitoka pale naitazama mikono yangu. Na mikono hiyohiyo ndiyo iliyopaka chokaa chumba alichonyang'anywa. Lipu yangu ilikuwa nzuri, Mama, imenyooka kama maji kwenye beseni. Nilitamani niibomoe.

Kesho yake ilikuwa Jumapili. Padri bado yuko Pemba, kwa hiyo Mzee Silvano ndiye aliyetuongoza. Akasoma yale maneno ya Mtume kwenye nyaraka za Biblia juu ya kuridhika katika hali zote. Kisha akafunga kitabu, akatabasamu, akaanza kutufafanulia: kwamba siku hizi watu wananung'unika, wananung'unikia foleni ya mchele, wananung'unikia nyumba, lakini wapo miongoni mwetu wazee ambao ni mfano, waliopunguziwa wakashukuru. Akanyoosha mkono kuelekea benchi la nyuma alikokaa Bi Paulina. Na watu, Mama, watu wote waligeuka wakamtabasamia! Yeye akainamisha uso kwenye mtandio.

Nilisimama. Nilikuwa kwenye kwaya, mbele, kila mtu ananiona.

"Mzee," nikasema, "Mtume aliyasema maneno hayo juu ya nafsi yake, na yeye ndiye aliyekuwa kifungoni. Hakumfunga mwenzake halafu akamwambia aridhike!"

"Damasi, kaa chini."

"Hamia wewe chini ya ngazi, ulale humo mwezi mmoja, kisha urudi utusomee!"

Hayo sijayajutia. Lakini niliongeza jingine, na hili silikani: nilimwita mwizi wa vikongwe, ndani ya nyumba ya Mungu, mbele ya wake na watoto. Hilo ndilo tusi langu. Mzee Silvano hakupandisha hata sauti. Aliniambia, "Shida yako si chumba cha mtu. Shida yako ni mawazo yako. Nenda kayasafishe, na kwenye kwaya usirudi." Watu wakaitika kwa vichwa. Hakuna hata mmoja, Mama, aliyetoka nje kwenda kutazama chini ya zile ngazi. Ni hatua ishirini kutoka mlangoni!

Wiki mbili zilizofuata nilikuwa mtu mbaya. Nikichanganya saruji, nabishana na Silvano. Nikipanda jukwaa la waashi, nabishana na Silvano. Kichwani mwangu nilimshinda mara mia, nikampigisha magoti, nikamwondoa kwenye uzee wa kanisa, nikamwona anaomba radhi na mimi nakataa. Na utamu nilikuwa nausikia, sikufichi. Siku moja mwenzangu wa kazi, Haji, mtu wa Tumbatu, Mwislamu mzuri sana, akaweka timazi, ile kamba ya kupimia unyoofu, kwenye ukuta wangu, akaguna.

"Damasi, huu ukuta wako wenda wapi?"

Nikatazama. Mistari mitatu ya matofali imelala upande. Ikabidi niibomoe yote, saruji bado mbichi.

"Unagombana na nani tangu asubuhi?" akaniuliza. "Naona midomo tu yacheza."

Nikamweleza habari yote. Alinisikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa. "Wallahi, huyo mzee kafanya jambo baya," akasema. "Lakini saa hizi yeye yuko kwake keshakula, kajinyoosha. Wewe umembeba mpaka ghorofa ya tatu. Na yule bibi je, umekwenda kumtazama?"

Nilikuwa sijakwenda. Mama, katika hasira zangu zote kwa ajili ya Bi Paulina, siku kumi na nne sikukanyaga kwake! Nilikuwa nimeshughulika na adui yangu. Haki nilikuwa nayo, lakini nilikuwa naitafuna mwenyewe peke yangu.

Nilikwenda jioni ileile na maziwa na dawa ya kikohozi. Nikamkuta amejifunika kanga mbili. Nikataka kuonyesha uungwana, nikamwambia, "Bi Paulina, wewe umetuzidi sote. Umeridhika, na mimi nimeshindwa."

Akanikazia macho. "Nani kakwambia nimeridhika?"

Nikaweka maziwa chini.

"Mie nimenyamaza tu, Damasi, kwa sababu sina pa kwenda. Kunyamaza na kuridhika si kitu kimoja. Kila anayekuja hapa aniuliza kama nimeridhika. Hapana hata mmoja aliyeniuliza kama nasikia baridi." Akakohoa. "Nasali kila siku. Namwomba Mungu anipe moyo mtulivu, na namwomba anirudishie chumba changu. Vyote viwili. Sioni kwa nini nimwombe kimoja." Kisha akasema, "Na yule mtoto wa watu, yule bibi harusi. Anisalimia uani kwa adabu, hajui kitu. Wewe ulipiga kelele kanisani, yeye alikuwa kwa wazazi wake Kizimbani. Alivyorudi wamemwambia kuna mlevi alifanya fujo."

Mlevi! Mimi! Lakini safari hii nilimeza. Nilikuwa nimelipigia kelele kanisa zima, na mtu mmoja aliyestahili kujua sikumwambia. Nikavuka ua, nikapiga hodi, nikasema taratibu, "Dada Theresia, nakuomba uje mara moja uone kitu. Sitasema chochote. Utaona mwenyewe."

Alikuja. Aliinama, akaingia chini ya ngazi. Niliwasikia wanaongea kwa sauti ndogo, sikusikia maneno. Alipotoka, chokaa imemjaa nyweleni na hina ya mikono imeingia vumbi. Alinipita bila kunitazama, akaingia chumbani, akaanza kukunja mikeka.

"Unafanya nini?" mumewe akamuuliza.

"Nahama."

"Mjomba atasema nini?"

"Mjomba akija mwambie mimi ndiye niliyekataa. Sitazaa mwanangu katika chumba cha bibi wa watu. Lukasi, wewe ulijua?"

Lukasi alitazama chini. Alijua, Mama. Theresia akampa sanduku alibebe.

Wamehamia Kizimbani kwa wazazi wake, baba yake ni mfanyakazi wa shamba la serikali la karafuu. Lukasi anakuja mjini kazini kwa basi kila asubuhi na kurudi. Si raha, lakini Theresia akija kanisani anakaa benchi la nyuma na Bi Paulina, bega kwa bega. Haji alikuja na msumeno na misumari, tukaunga miguu ya kitanda, tukakirudisha mahali pake. Mtu wa Tumbatu, msikiti wake uko Ng'ambo, ndiye aliyembebea Bi Paulina sanduku lake la nguo. Wale waliotabasamu siku ile sikumwona hata mmoja.

Padri alirudi kutoka Pemba, akatusikiliza wote wawili. Alikwenda mwenyewe chini ya ngazi, akajigonga paji la uso, akatoka anajipangusa chokaa. Akaamua Bi Paulina asiguswe tena. Mimi nimeambiwa nisubiri nje ya kwaya mpaka ulimi wangu upoe. Nimekubali, kwa tusi lile. Mzee Silvano hakuambiwa lolote mbele ya watu! Bado anasoma, bado anafafanua. Radhi hajaomba, si kwangu, si kwa Bi Paulina. Badala yake akachukua kalamu akaandika huko kwetu. Ndiyo barua mliyosomewa.

Sasa, Mama, kuhusu kuridhika. Chumba changu hapa ni kidogo, nimeridhika nacho. Siku nyingine tunakula muhogo bila kitoweo, nimeridhika. Napanga foleni, jua kali, nikifika dirishani mchele umekwisha, naondoka na kikapu kitupu na ninaridhika, au nikikasirika basi ifikapo jioni imeshapita. Hayo ni yangu, nami ndiye wa kuyaridhia. Lakini dhiki ya mwenzangu si mali yangu hata niseme nimeridhika nayo. Yeyote anayemwambia mtu aliyelowa aridhike, naye mwenyewe mkavu, hafundishi dini. Nikisema hivi nimeacha dini? Nakuuliza wewe uliyenipeleka nibatizwe na kunifundisha kusali, sikiulizi kijiji.

Nisalimie sana Mjomba Kasiani, mkubwa wetu, mwambie sijamsahau. Nisalimie shangazi aliyenilea nilipokuwa na surua, na mashemeji zangu wote wa upande wa Veronika. Bibi mzaa baba mshike mkono kwa niaba yangu, umwambie mjukuu wake bado anajua kupiga ishara ya msalaba. Haji anakusalimu, anasema angependa kuzijua korosho za kwetu. Bi Paulina naye anakusalimu. Kikohozi bado hakijamtoka.

Kuna jambo moja la mwisho, na hili sijamwambia mtu. Padri aliniagiza nimwombee Mzee Silvano kila siku. Nimejaribu. Mara ya kwanza niliishia kumshtaki kwa Mungu, nikaacha. Mara ya pili vilevile. Leo asubuhi, kabla ya kupanda jukwaa, nilivua kofia, nikataja jina lake, Silvano, na baada ya hapo sikupata neno jingine. Baya halikuja, jema halikuja. Nikarudia tena jina, nikavaa kofia nikaanza kazi. Ndipo nilipofikia, Mama. Nawe niombee kutokea hapo.

Ni mimi mwanao, mwenye kukuheshimu,
Damasi