Koili Ilikuwa Upande Wako, Baba

Baba,

Shikamoo. Najua hutaitikia, ila sitathubutu kuanza bila shikamoo. Wewe uliyekuwa unanisimamisha mbele ya wageni hadi niwaamkie mmoja mmoja, ungegeuka huko kaburini.

Sisi hapa Mungaa hatujambo. Mama anakula vizuri, alizeti imekubali mwaka huu. Ila hasa nakuandikia habari za gari lako.

Kwanza nikuambie ambacho hukukiona siku ile. Tulipokutoa hospitali mjini, baba mdogo ndiye aliyeshika usukani wa pikapu. Tulipofika Ikungi akasimama ili ndugu wa kule waungane nasi, na kwa mazoea ya watu wenye magari mazima, akazima injini. Unajua kilichofuata. Stata inazunguka vizuri, injini ya moto haishiki. Basi tukashuka wote tukasukuma, baba mdogo naye bega mlangoni na mkono mmoja kwenye usukani: mchungaji na suti yake nyeusi, mashangazi na khanga zao, na wewe umelala nyuma kwenye sanduku umetulia. Mama alikuwa analia huku anasukuma, mara akasema, "Hata leo anatusukumisha." Msiba mzima ukacheka. Nilicheka hadi nikakaa chini barabarani, Baba, halafu nikalia vibaya sana.

Siku ya kuanua matanga baba mdogo akasema gari liuzwe kama vyuma chakavu. Sikumlaumu, mabega yalikuwa bado yanamuuma. Lakini chini ya boneti lile ndipo uliponifundisha kushika spana, na wazo la kuliona linakatwa vipande lilinikosesha raha kabisa. Mama akakata shauri: likienda Singida mjini na kurudi bila kusukumwa na mtu, linabaki. Likishindwa, liende.

Nikaanza pale ulipoishia. Miaka yote ulisema mafuta yanachemka kwenye pampu, ndiyo maana likipata moto haliwaki na likipoa linawaka. Ulibadilisha pampu, ukabadilisha tena. Dawa yako ilikuwa dumu la maji: unafungua boneti, unamwagia pampu, unapiga stata, linawaka, halafu unatuangalia kama daktari bingwa. Basi na mimi nikalizungusha hadi likapata moto, nikazima, likagoma. Nikamwagia pampu maji. Kimya. Nikaongeza. Kimya. Majirani walikuwa wameshaleta viti, wakasema tatizo ni huu mkono wangu wa kushoto, ambao hata wewe ulikuwa unanitania kwamba gari haliutaki.

Mama akachoka kunitazama. Akachukua dumu, akasimama pale ulipokuwa unasimama wewe, upande wa usukani, akamwaga kwa mkono wa kulia kama alivyokuwa anakuona. Nikapiga stata. Likawaka. Vigelegele vikapigwa, wakasema gari linamjua mwenye nyumba. Mimi nilibaki natazama maji yanavyochuruzika.

Ni koili, Baba, ile inayopeleka moto wa cheche kwenye plagi. Imefungwa pembeni, upande ule ule wako. Ulipokuwa unanyoosha mkono kuifikia pampu, maji yalikuwa yanaidondokea koili kwanza. Mimi wa mkono wa kushoto nasimama upande wa pili, pampu inaoga na koili inabaki kavu na moto wake. Kumbe miaka yote ulikuwa unaitibu koili bila kujua, na sifa zote unaipa pampu.

Sikuamini haraka, maana ndivyo ulivyonifundisha. Nikalipasha moto tena, likagoma tena. Nikachomoa waya wa plagi nikaangalia: cheche hakuna. Nikaweka kitambaa kibichi juu ya koili peke yake, pampu sikuigusa. Cheche ikarudi, likawaka. Nikashika simu nikupigie, nimeshafungua jina lako, ndipo nikakumbuka. Hiyo imeniuma kuliko siku ya mazishi.

Nikafunga koili mpya, na Jumamosi tukaondoka mimi na Mama. Mjini nikatafuta mahali tambarare kabisa, jambo ambalo wewe hukuwahi kulifanya. Hata kanisani ulikuwa unaegesha kule juu mlimani ili likigoma literemke lenyewe hadi liwake, sisi tunakuja kwa miguu na nguo za Jumapili. Nikazima. Tukafanya shughuli zetu upesi, injini isipate nafasi ya kupoa. Tuliporudi, Mama hata hakugusa mlango. Alikwenda moja kwa moja nyuma, akajifunga khanga vizuri, akaweka mikono kwenye bodi tayari kwa kazi. Nikamwambia asubiri. Nikageuza ufunguo, na gari likashika papo hapo, bila hata kukohoa.

Mama alibaki amesimama kule nyuma. Halafu akaja polepole hadi dirishani kwangu. Nilidhani anataka kunipongeza.

"Gari hili nalijua kwa nyuma tu, tangu nimeolewa," akasema. "Nifundishe kuendesha."

Baba, tulirudi hadi nyumbani bila kusukumwa. Baba mdogo ameliona mwenyewe, amezima na kuwasha mpaka nikamwomba aache, na sasa anasema eti yeye hakutaka kuliuza. Gari linabaki. Mama ameshagonga na kuvunja ua wa minyaa wa upande wa zizi, na mbuzi wakimwona anapanda gari wanaondoka wenyewe. Anasema gia ya pili ina ubishi kama wako. Jioni anaosha vioo huku anaimba, sijamwona hivyo tangu uondoke.

Pumzika sasa, kazi uliyoniachia naiweza. Nakuahidi nitamfundisha hadi atoke hapa aende mjini peke yake, mtu yeyote asimguse kwa nyuma. Siku hiyo akirudi atasimama kando ya kaburi lako, injini ikiwa bado ya moto, atazima, halafu atawasha. Sikiliza vizuri, Baba. Atakuwa ni Mama.

Kwaheri,
Binti yako