Ukuta wa Visukuku Nilioubomoa

Mjukuu wangu Zawadi,

Natumaini barua hii inakukuta salama huko chuoni Nairobi. Sisi hapa Doha hatujambo. Mama yako mafua yamemwachia, amerudi kazini.

Umeniuliza visukuku vinawezaje kuonyesha jinsi bahari inavyopona. Nilionyeshwa nikiwa kijana, nikiendesha tingatinga karibu na Al Wakrah. Mama mmoja mtafiti alinielekeza kwenye ukuta wa shimo tulilokuwa tukichimba: chini magamba ya kila aina yaliyogeuka mawe, juu yake mchanga mtupu, kisha aina moja tu ya chaza, halafu viumbe wengine wakirudi polepole.

“Hapa bahari iliumia,” akasema. “Nataka kujua nani alirudi baada ya nani. Niachie ukuta huu hadi kesho.”

Nikamwahidi.

Alasiri msimamizi aliona ukuta bado umesimama, akaniuliza, “Kuna sababu ya kungoja?”

Niliogopa kuonekana mvivu. Nikasema hakuna, nikabomoa.

Kesho yake yule mama hakunigombeza. Aliokota magamba kwenye kifusi, akayatazama, akayarudisha chini. Yalikuwa yamechanganyika, hakuna aliyeweza tena kusema lipi lilitangulia.

Msimamizi alikuwa muungwana, Zawadi. Angekubali kungoja. Mimi ndiye sikumwomba.

Ni mimi babu yako, ninayekuombea masomo mema.